Picha za familia yako ziko kwa nani?

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita jirani yangu aligonga mlango saa moja asubuhi, simu mkononi, kanga begani. Simu yake ilikuwa imedondokea kwenye ndoo ya maji siku tatu kabla. Fundi aliifungua, akaikausha, akaifufua, lakini ili iwake ilibidi aisafishe yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Sasa ilikuwa inawaka vizuri, ila imegoma kwenye ukurasa mmoja, ikidai barua pepe na neno la siri la akaunti iliyokuwamo mwanzo.

"Mdogo wangu, hii simu inaniuliza akaunti. Mimi akaunti yangu iko benki."

Tukacheka. Kisha akaacha kucheka. Ndani ya simu ile mlikuwa na picha za baba yake aliyefariki mwezi wa nne, na ujumbe wa sauti wa mzee aliokuwa akimtumia WhatsApp kila Ijumaa. Mlikuwa pia na picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote watatu. Vyeti vyenyewe viko kwa shangazi yao Tanga, na mtoto mkubwa anajiandaa kuomba mkopo wa chuo, ambao hauombwi bila cheti kilichohakikiwa RITA.

Nikamuuliza, "Dada, siku uliyonunua hii simu, nani alikuwekea mambo yake?"

"Kijana wa dukani. Alinifanyia kila kitu, mimi nikapokea, nikaanza kupiga."

Wazazi wenzangu, najua wengi wenu mmetabasamu hapo, kwa sababu hata za kwenu zilianza hivyo hivyo. Simu ya Android ikiwashwa mara ya kwanza inaomba akaunti ya Google. Unaweza kuruka hatua hiyo, lakini bila akaunti hupakui programu Play Store, kwa hiyo kijana wa dukani, au shemeji, au mtoto aliyeko kidato cha tatu, anakufungulia moja haraka haraka. Anabuni barua pepe, anabuni neno la siri, anaweka namba ya simu iliyo karibu, mara nyingi ya kwake, kisha anasahau. Wewe hukuwahi kujua. Simu haikuulizi tena mpaka siku ya kuharibika au ya kuibiwa.

Basi kabla hujaendelea kusoma, fungua Play Store kwenye simu yako, gusa duara dogo lililo juu upande wa kulia. Barua pepe iliyoandikwa pale ndiyo yenye simu yako. Unaifahamu? Neno lake la siri unalijua? Ukiulizwa kesho asubuhi kwa fundi, utaliandika? Kama jibu ni hapana hata kwa swali moja, safu ya leo ni yako.

Nirudi kidogo kwenye hili neno wingu, maana nimesikia likielezwa kwa mbwembwe nyingi. Hakuna kitu kilichopaa. Picha yako inapokwenda kwenye wingu, simu inaipeleka kwa intaneti hadi kwenye kompyuta kubwa za kampuni, katika majengo yao, na inakaa huko kwa jina la akaunti yako. Ni sawa na kumpa mtu akutunzie sanduku. Simu ikifa, sanduku lipo. Lakini anayepewa sanduku ni mwenye ufunguo, na ufunguo ni ile barua pepe na neno lake la siri. Mtunza sanduku hakujui kwa sura.

Google humpa kila mwenye akaunti nafasi ya GB 15 bure. Nafasi hiyo ni moja tu, inagawanywa kati ya barua pepe za Gmail, mafaili ya Google Drive na picha za Google Photos. Zamani picha zilizopunguzwa ukubwa kidogo hazikuhesabiwa, lakini tangu Juni 1, 2021 zinazopakiwa zote zinahesabiwa. Hifadhi ya WhatsApp nayo kwenye Android ilikuwa bure nje ya hesabu. Kuanzia mwaka 2024 imeingizwa humo humo. Picha moja ya simu ya kawaida ina kama MB 3 hadi 5, hivyo GB 15 zinabeba chini ya picha 5,000. Video ndiyo mla nafasi: dakika moja ya video safi huzidi MB 100, maana yake ni kwamba saa mbili tu za mahafali na harusi zinamaliza kila kitu. Na nafasi ikijaa, simu haipigi kelele kama mtoto. Inaweka ujumbe mdogo ambao wengi wetu tunausukuma pembeni kwa kidole, kisha inaacha kupeleka picha mpya. Kumbukeni hilo, tutalihitaji mbele.

Tulianza kwa kujaribu kuitafuta akaunti yenyewe. Google wana ukurasa wa kusaidia aliyesahau barua pepe yake: unaweka namba ya simu na majina yako kama yalivyoandikwa kwenye akaunti, ukikubaliwa unatumiwa namba ya siri kwa ujumbe mfupi. Tukaweka namba ya jirani. Hakuna. Tukabadili majina, la ubatizo, la ukoo. Hakuna. Ikabidi tupande daladala hadi lile duka, na risiti tukiwa nayo, kwa sababu huyu dada ni mtu wa kutunza risiti, Mungu ambariki.

Kijana alikuwepo. Alitusikiliza, akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akasema, "Mama, mimi zote naziwashia akaunti moja ya dukani. Mteja asisubiri."

Akafungua Google Photos. Na hapo, wazazi wenzangu, nilisikia baridi. Kwenye kioo cha simu yake walipita watoto wasiohusiana, harusi tatu tofauti, kitambulisho cha mtu, mtoto mchanga anaogeshwa kwenye beseni, gari lililopata ajali, halafu ghafla baba yake jirani yangu amekaa kwenye mkeka barazani, ameshika kikombe. Picha za wateja kadhaa zilikuwa zimeingia kwenye sanduku moja kwa miaka. Sidhani yule kijana alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amewafungulia watu simu kwa haraka, na kila simu ikawa inafanya kazi yake kimya kimya, inapeleka picha pale ilipoambiwa. Jirani yangu aliniambia njiani kurudi kwamba mtoto wa kwenye beseni alikuwa wa kwake.

Kilichofuata kilichukua karibu saa tatu. Nakieleza kwa mpangilio wake kwa sababu mpangilio una maana, ukiuvuruga unapoteza.

Kwanza kijana aliandika barua pepe na neno la siri la dukani kwenye simu ya dada, simu ikafunguka. Hatukuiondoa akaunti ile hapo hapo, ingawa mikono ilikuwa inawasha. Tulipakua WhatsApp, tukaweka namba ya dada, na WhatsApp ikaona hifadhi ya zamani, ikauliza kama irudishe. Hifadhi ya WhatsApp kwenye Android hurudi kwa vitu viwili pamoja: namba ile ile ya simu na akaunti ile ile ya Google. Kingekosekana kimoja, ujumbe wa mzee usingerudi. Uliporudi, ndipo tukamfungulia dada akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake la kwenye kitambulisho na namba yake iliyosajiliwa kwa alama zake za vidole. Tukaingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya gumzo, tukabadili akaunti ya hifadhi kutoka ya dukani kwenda ya kwake, tukaamuru ihifadhi upya papo hapo.

Kwa upande wa picha, kijana alizichagua zake moja moja kwenye simu yake, akamtumia ndani ya Google Photos kwenye barua pepe mpya, na dada akazihifadhi kwake. Hilo la kuhifadhi watu hulisahau. Picha uliyoshirikishwa bado ni ya aliyekushirikisha mpaka ubonyeze kuihifadhi. Akiifuta kabla, na kwako imeondoka. Tulipohesabu zimefika, akazifuta za kwake, akamwaga na kapu la taka, maana picha iliyofutwa Google Photos hukaa kapuni hadi siku 60. Mwisho kabisa ndipo tukaiondoa akaunti ya dukani kwenye simu.

Picha zilikomea mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo sanduku la dukani lilijaa. Idd ya mwisho ya mzee, wiki chache kabla hajafariki, haikuwahi kutoka kwenye simu ya dada, na fundi alipoisafisha ikaondoka nayo.

Sasa niseme na wewe ambaye simu yako bado nzima. Kama akaunti iliyopo si yako, fungua ya kwako leo, iongeze kwenye simu bila kuondoa ya zamani, hamisha picha na WhatsApp, ndipo uiondoe ya zamani. Kama ni yako ila neno la siri hulijui, badilisha sasa wakati simu iko wazi na laini iko mkononi. Angalia namba ya kurejeshea akaunti iliyoandikwa kule. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, kwa hiyo namba uliyoiacha miaka mitano iliyopita isiwe ndiyo mlinzi wako. Neno la siri liandike kwenye daftari na ulifungie pamoja na hati ya kiwanja. Wataalamu wengine watanikemea, lakini nimeona akaunti nyingi zaidi zikipotea kwa kusahau kuliko kwa mwizi aliyevunja kabati.

Kisha ingia Google Photos, gusa duara lako, uone kama hifadhi ya picha imewashwa na imewashwa kwa barua pepe ipi. Kwenye mipangilio yake izuie kutumia bando, ipakie ukiwa kwenye Wi-Fi tu, la sivyo bando la wiki litaisha usiku mmoja na utamlaumu mtoto bure. Kama Wi-Fi huna kazini wala nyumbani, iwashe mara moja moja, ukiwa na bando la usiku, kwa picha za shughuli ile tu. Chagua pia ubora wa kubana nafasi badala ya ubora halisi. Kwa picha za barazani macho yako hayataona tofauti.

Na kuna mtego mmoja unaoliza wazazi wengi. Simu imejaa, umeshaambiwa picha ziko kwenye wingu, unafungua Google Photos na kuzifuta ili upate nafasi. Umezifuta kote kuwili, simu na wingu, kwa sababu ndani ya programu ile picha ni moja. Ukitaka kubaki nazo kwenye wingu huku simu ikipumua, gusa lile duara lako, tafuta amri ya kupata nafasi kwenye kifaa hiki. Hiyo huondoa nakala za simuni zilizokwisha kufika juu, basi. Kama ulishaufanya ule mwingine, kimbilia kapu la taka kabla siku hazijaisha.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu familia kutumia akaunti moja, baba, mama na watoto, kwa hoja kwamba hatuna siri. Labda. Lakini majina ya simu huchanganyika, mafundi wa baba na walimu wa mtoto wanakuwa orodha moja, picha anazopiga binti wa miaka kumi na tano zinatokea kwenye simu ya baba akiwa ofisini, na skrinishoti ya muamala aliyoipiga baba inaonekana kwa mama jikoni. Nyumba moja ninayoifahamu iligombana wiki nzima kwa skrinishoti ya namna hiyo, na ilikuwa ada ya mpwa. GB 15 nazo zinaliwa na watu watano. Kila mtu awe na yake. Mkilipia nafasi ya ziada, Google wanaruhusu mwenye kulipa kuigawa kwa watu wengine watano wa familia, na hakuna anayeona picha za mwenzake mpaka ampe.

Tuingie kwenye kushirikishana. Tabia yetu ni kutupa kila kitu kwenye kundi la WhatsApp. Mwalimu wa darasa anasema, wazazi leteni nakala za vyeti vya kuzaliwa, na ndani ya dakika kumi kundi la watu themanini lina majina, tarehe za kuzaliwa na majina ya wazazi wa nusu ya darasa. Nani kati ya hao themanini unamfahamu? Mtumie mwalimu kwenye namba yake binafsi. Tena usitume kama picha, tuma kama hati, kwa sababu WhatsApp hubana picha na maandishi madogo ya cheti yanakuwa ukungu. Hati inafika kama ilivyo, na inaruhusu hadi GB 2.

Vyeti, kadi za kliniki, kadi za bima na fomu za shule zinapendeza zaidi kukaa Google Drive. Programu ya Drive ina kamera ya kunakili karatasi: gusa alama ya kujumlisha, chagua kunakili, nayo inakata pembeni na kutengeneza PDF safi. Weka folda moja kwa kila mtoto. Unapomshirikisha mtu, andika barua pepe yake na umpe ruhusa ya kutazama tu. Ile njia nyingine ya kiungo, ambapo yeyote mwenye kiungo anafungua, inafaa kwa ratiba ya kitchen party, si kwa cheti cha mtoto, maana kiungo kinasambazwa kama mzaha wa WhatsApp na wewe hutajua kimefika wapi. Kazi ikiisha, rudi kwenye faili, ondoa ruhusa.

Na kama mpo chumba kimoja, wingu la nini? Mahafali yamekwisha, kila mzazi anataka ile video ya watoto wakiimba, na wote wanalia bando. Simu za Android zina Quick Share, ambayo zamani iliitwa Nearby Share mpaka jina likabadilika mwaka 2024. Inatumia Bluetooth na Wi-Fi ya simu kwa simu, haili bando hata kidogo, na video haipungui ubora. Anayepokea awashe kuonekana kwa wote kwa dakika chache, wewe gusa video, chagua kushiriki, chagua jina la simu yake, naye akubali. Ukimaliza ufunge huko kuonekana. Hamna haja tena ya zile programu za kurushiana zilizojaa matangazo ya kamari.

Jambo dogo kuhusu wale mnaowafungulia watoto wachanga barua pepe na kuwaandikia barua za kusoma wakiwa wakubwa. Ni wazo zuri na mimi nimelifanya. Ila tangu Desemba 2023 Google wanaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili, pamoja na kila kilichomo. Weka ukumbusho, uingie angalau kila siku ya kuzaliwa. Kwenye mipangilio ya akaunti yako wewe mtu mzima kuna pia sehemu ya kuchagua nani apewe vitu vyako ukikaa kimya kwa miezi kadhaa. Mimi nimemuandika dada yangu. Nilimwambia kwa simu, akasema nisimletee uchuro, halafu baada ya siku mbili akaniuliza yeye anaipataje sehemu hiyo.

Tulivyorudi nyumbani siku ile, jirani yangu alituma ujumbe kwenye kundi la ukoo, akiomba kila aliyekuwepo Idd amtumie alichonacho, akatuma na maelezo ya kutuma kama hati. Zimefika picha kumi na nane mpaka sasa, nyingi mzee yuko nyuma nyuma, amekatwa nusu, watu wakijipiga wenyewe. Mpwa wa Muheza ana video ya dakika nne ambayo bado inasubiri Wi-Fi. Vyeti vya watoto vilikuwemo kwenye zile za kabla ya Novemba, viko kwenye folda tatu. Ujumbe wa sauti ulirudi hadi mwezi ule wa kumi na moja. Wa mwisho una sekunde kumi na tisa, mzee anauliza kama kikohozi cha mtoto kimepungua na kama ile asali aliyoituma kwa basi imefika.